Bei za Jumatano

Gazeti letu lilibandikwa kwa uji wa muhogo. Ng'ambo ya Kigongo, ukishavuka kwa kivuko hadi Busisi na kuendelea na pikapu kama mwendo wa saa moja, kulikuwa na mwalo wa wavuvi ulionunua nakala moja tu kwa wiki. Nakala moja, mwalo mzima. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, alikuwa karani wa mzani pale. Kila Jumamosi mchana aliipokea ile nakala kutoka kwa utingo wa pikapu, muuza uji akamchotea uji mzito kwenye kopo, naye akaibandika kwenye mlango wa banda la mzani, ukurasa wa nyuma ukitazama watu.

Kabla ya kuibandika aliisoma kwa sauti, kwa sababu wengi pale hawakujua kusoma, na waliojua walipenda kumsikia yeye. Alipanda juu ya kreti la samaki, akashika kiuno, akaanza na mialo ya mbali kabisa akija taratibu kuelekea karibu, ili watu wakae roho juu.

"Kigongo," alikuwa akisema, kisha ananyamaza kama padri anayesubiri watoto waache kulia. "Kigongo wamelipwa."

"Ngapi?"

"Wamelipwa kuliko ninyi mnaopenda kulala."

"Soma bwana, acha mbwembwe!"

Akisoma bei ya sangara ya Kigongo, wavuvi walimgeukia wakala wa kiwanda cha samaki aliyekuwa amesimama kwenye mtumbwi wake wa barafu. "Umesikia, mnene? Ongeza, au wiki ijayo unabeba barafu tupu." Wakala alicheka kwa meno tu. Jumatatu aliongeza.

Nilikuwa nikimlalamikia shemeji kuhusu ile nakala moja. "Watu mia mbili wanasoma gazeti moja. Mimi nitakula nini?"

"Kula heshima, shemeji," alinijibu. "Ukishiba utupigie honi."

Nilicheka, lakini sikufurahi. Nayaandika haya nikiwa mzee ninayesahau nilipoweka miwani, lakini ile hofu ya kula heshima naikumbuka vizuri kuliko majina ya wajukuu.

Nilianzisha gazeti baada ya kupunguzwa kazini. Nilikuwa karani katika chama cha ushirika cha pamba, na miaka ile ya soko huria yalipokuja makampuni binafsi kununua pamba, ushirika ulitupunguza kwa makundi. Wenzangu walinunua mashine za kusaga kule Igoma, wengine pikapu. Mimi nilichukua kiinua mgongo nikafungua gazeti la wiki, kurasa nane, kwa sababu siku hizo serikali ilikuwa imeruhusu watu binafsi kuchapisha, nami nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na imani kubwa mno katika mwandiko wangu. Ofisi ilikuwa chumba kimoja mjini Mwanza, karibu na stendi ya mabasi, na taipureta moja, na mpiga taipu mmoja, mama mtu mzima aliyekuwa akinikosoa sarufi bila kuinua macho.

Habari zetu zilikuwa za kawaida: mikutano, mafuriko, ng'ombe walioibwa. Kilichouza gazeti ni ule ukurasa wa nyuma. Tulikuwa na watu kwenye mialo tisa, shemeji akiwa mmoja wao, kila mmoja akiandika Jumanne jioni mawakala wamelipa kiasi gani kwa kilo. Waliandika kwenye karatasi ya daftari, wakatia kwenye bahasha, wakampa utingo wa basi la asubuhi. Jumatano kabla ya saa sita bahasha zote tisa zilikuwa mezani kwangu, nyingine zikinuka samaki, nyingine zimelowa. Alhamisi tulipanga kurasa, Ijumaa tulichapisha, Jumamosi gazeti lilikuwa mialoni. Hakuna mtu mwingine pembeni mwa ziwa lile aliyekuwa na bei za mialo tisa mahali pamoja. Ilikuwa mali yangu pekee, na ilinichukua muda mrefu mno kuelewa kwamba haikuwa yangu.

Kisha hofu ikaanza. Magazeti ya Dar es Salaam, ambayo zamani yalitufikia yakiwa ya juzi, yakaanza kuja kwa ndege na kuuzwa mitaani mchana uleule. Yakaongezeka, ya rangi, yenye mpira na udaku. Wauzaji wangu pale stendi walikuwa wakilisukuma gazeti langu chini ya mengine, nami nikipita nalichomoa na kuliweka juu, kama mtu anayemvuta mwanawe asikanyagwe. Duka la vipuri lililokuwa likitangaza kwangu kila wiki likaacha. Nilianza kuacha chakula sahanini. Mke wangu aliniuliza kama nimekula kitu kibaya.

Ndipo nikasikia habari za chumba cha kompyuta. Mwalimu mmoja, mama wa Kihaya aliyekuwa amesomea kazi hiyo nje, alikuwa amekodi chumba ghorofani karibu na posta, akaweka kompyuta nne, akatandika zulia. Nilikwenda nikijiambia nakwenda kuandika habari. Ukweli, nilikwenda kama mgonjwa anavyokwenda kuulizia ugonjwa wa jirani.

"Shikamoo mzee. Viatu nje, tafadhali," alisema. "Vumbi linaua mashine."

Nikavua. Soksi yangu ya kushoto ilikuwa na tundu kwenye kidole gumba. Alinikalisha mbele ya mashine, akaunganisha simu, ikapiga mluzi na kukoroma, na baada ya muda mrefu picha ikaanza kushuka kwenye kioo, mstari kwa mstari. Nilitambua kichwa cha gazeti moja la Dar es Salaam kabla halijamaliza kushuka.

"Hili ni la lini?"

"La leo."

"Ndege ya leo bado haijatua."

"Halikuja na ndege, mzee."

Akanipa kikombe cha maji. Nilikuwa nahesabu kichwani. Kama gazeti la Dar linaweza kuingia Mwanza bila ndege, bila basi, bila karatasi, basi mimi na bahasha zangu za samaki tulikuwa na miaka mingapi? Mitatu? Mmoja?

Palepale kulikuwa na bwana mwingine akisoma barua zake kwenye kompyuta ya pembeni, naye amevaa soksi tu, soksi nzuri za kijivu. Alikuwa mnunuzi mkuu wa kiwanda kimojawapo cha minofu ya samaki, na kiwanda chake kilikuwa kinaandikiana na wateja wa Ulaya kwa mashine zile.

"Wewe ndiye wa ule ukurasa wa nyuma?" aliniuliza.

"Ndiye."

"Nausoma kila Jumamosi. Kazi nzuri. Ila unanichelewesha."

"Nakuchelewesha vipi?"

"Bei unazipata lini?"

"Jumatano."

"Na mimi nazipata Jumamosi, pamoja na wavuvi." Alicheka kwa upole. "Mzee, hizo siku tatu zinakaa bure mezani kwako. Nitumie Jumatano kwa imeili. Nitalipia kama tangazo la ukurasa mzima, kila wiki. Sihitaji hata karatasi."

Naomba nieleweke. Hakunilaghai. Alisema wazi anachotaka, na mimi nilikuwa mtu mzima. Nilitembea kurudi ofisini nikijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza baada ya miezi. Nilijiambia kwamba hivi ndivyo magazeti ya kisasa yanavyofanya, kwamba wino na karatasi ni mzigo wa zamani, kwamba habari ni ileile ila inakwenda kwa njia ya haraka. Sikujiuliza inakwenda kwa nani.

Kuanzia wiki ile, kila Jumatano mchana nilivua viatu pale ghorofani, mwalimu akanisaidia kuandika bei za mialo tisa, tukabonyeza, zikaenda. Baada ya muda mfupi viwanda vingine viwili vikaomba vitumiwe pia. Niliwaita wateja wangu wa imeili, nikalipenda neno hilo. Nikanunua soksi mpya. Mke wangu nilimwambia tumepata matangazo, na hakuuliza zaidi. Shemeji sikumwambia chochote. Nilijiambia hatayaelewa mambo ya kompyuta, yeye niliyekaa naye dawati moja sekondari, na aliyekuwa akinipita katika hesabu kila muhula.

Sasa nieleze jambo ambalo nililijua tangu mwanzo na nikaliweka pembeni. Mawakala wa viwanda kule mialoni walikuwa na redio koli. Kiwanda kikiwa Mwanza kiliweza kuzungumza na kila mtumbwi wake wa barafu wakati wowote; ambacho hakikujua ni wapinzani wake wamelipa nini. Kwa hiyo Jumatano, nikishabonyeza, viwanda viliona palepale ni mwalo gani umelipwa kidogo kuliko yote, na kabla jua halijazama mawakala wote walikuwa wameambiwa washuke hadi hapo. Ilipofika Jumamosi, shemeji akipanda kwenye kreti lake kusoma kwamba Kigongo wamelipwa vizuri, Kigongo walikuwa wameshashushwa siku tatu zilizopita. Wavuvi wakisema "gazeti limeandika," wakala alijibu, "Hiyo ya Jumanne. Nendeni Kigongo mkaulize ya leo." Wakatuma mtu, akauliza, akarudi kichwa chini. Mialo yote tisa ilikuwa bei moja, ile ya chini.

Mambo yalikwenda hivyo kwa majuma kadhaa. Kisha Jumamosi moja wakala wa pale kwa shemeji, yule waliyemwita mnene, akiwa amechoka kutaniwa, akawajibu mbele ya watu wote: "Mnajisumbua bure. Bei zenu ninazo mfukoni tangu Jumatano."

Akawasha injini ya mtumbwi wake wa barafu akaenda. Alichoacha nyuma yake ni swali: bei zinaandikwa Jumanne, gazeti linatoka Jumamosi, nani anazijua Jumatano? Walitazamana, halafu wakamtazama mtu aliyeziandika.

Shemeji alikuja Mwanza Alhamisi iliyofuata. Hakuwa na kawaida ya kuja katikati ya wiki. Aliingia ofisini akiwa amevaa shati lake la kanisani, akamsalimia mpiga taipu, akakaa kwenye benchi la wageni badala ya kiti changu ambacho siku zote alikikalia kwa utani.

"Shemeji, nina shida," alisema. "Watu wangu wanasema nawauza."

"Wanasema nini?"

"Kwamba nawapa mawakala bei kabla hazijaja kwako. Jana mtu amekataa nimpimie samaki. Mtu niliyemzikia mama yake! Anasema atasubiri mzani wa mwalo wa pili." Alishika magoti yake. "Nimekaa nawaza. Mimi sijampa mtu. Basi zinatokea wapi? Bahasha inafunguliwa njiani? Utingo?"

Nilisikia taipureta imenyamaza. Mpiga taipu alijua. Alikuwa ameniona kila Jumatano nikitoka na karatasi tisa na kurudi bila maneno.

"Nitachunguza," nilisema.

Neno lile. Nimeshalirudia mara nyingi peke yangu.

"Chunguza," alisema, akiwa ameamini. "Lakini kabla hujamaliza, niandikie mistari miwili tu. Ukurasa wa nyuma, juu kabisa. Andika karani wa mzani hahusiki. Mimi nikiwaambia kwa mdomo wanasema najitetea. Wao kilichoandikwa wanakiamini, shemeji. Nimewazoesha mwenyewe."

Nikamwambia nitaandika. Alisimama, akanishika bega, akanishukuru kwa Kisukuma, "wabeja sana," akaenda kuwahi kivuko.

Alipotoka niliweka karatasi kwenye mashine mimi mwenyewe. Niliandika: Bei za mialo hutumwa na ofisi hii kwa viwanda vitatu kila Jumatano. Karani yeyote wa mwalo hahusiki. Ilikuwa fupi na ilikuwa kweli. Nilikaa nikaitazama. Nikaona viwanda vitatu vikiondoka. Nikaona kodi ya chumba, nikaona gazeti langu chini ya magazeti mengine pale stendi, na mimi nikirudi nyumbani kumwambia mke wangu imekwisha. Nikaichomoa. Nikaandika nyingine, nayo nikaichomoa. Nikatoka nikaenda kumpigia simu yule mnunuzi mkuu, kana kwamba yeye ndiye mhariri.

"Andika chochote," alisema, "ila usitutaje. Tutaonekana wabaya."

Iliyochapishwa ilikuwa ya tatu. Nitaiandika hapa kama ilivyokuwa, maana nilitafuta maneno yake kwa muda mrefu kuliko ya habari yoyote niliyowahi kuandika: "Gazeti hili linapenda kuwaarifu wasomaji wake kwamba halihusiki na bei zinazotolewa na watu wengine kabla ya siku ya kuchapishwa."

Mpiga taipu alipoisoma aliuliza, "Na karani?"

"Imo humo," nilisema.

"Mimi simuoni," alisema, akaipiga kama nilivyotaka.

Jumamosi ile mke wangu alikuwa kwao kumwona mama yake, kijiji kilekile cha mwalo. Alirudi Jumapili mchana. Alivua kitenge cha safari, akanawa uso, akatoa kwenye kikapu karatasi ya gazeti iliyokauka na kukakamaa kwa uji, akaiweka mezani mbele yangu. Alikuwa ameibandua mlangoni.

"Alikuwa hajaisoma kwanza," alisema. "Ilichelewa kufika, watu wamejaa, akapanda tu kwenye kreti. Akawaambia, 'Leo kimya kabisa. Shemeji yangu wa mjini ameniandikia. Sikilizeni wenyewe halafu mnitake radhi.' Halafu akasoma."

Niliigusa ile karatasi, uji mkavu ukamemenyuka vidoleni.

"Amesoma hadi kwenye 'watu wengine.' Akarudia. Akadhani amekosea. Akageuza karatasi kutafuta kama inaendelea upande wa pili." Sauti yake ilikuwa ya chini, haikuwa na ukali wowote, na ndiyo iliyonitisha. "Bibi mmoja akasema, 'Basi karani, hata shemejio kakukana.' Wakacheka. Wamecheka, baba watoto. Kaka yangu ameshuka, akampa mwenyekiti wa mwalo daftari la mzani na kalamu, akaenda nyumbani."

Nje jirani alikuwa anapasua kuni. Mke wangu alisubiri shoka litulie.

"Hao watu wengine ni akina nani?"

Nikamwambia. Nilimwambia yote, viatu, soksi, imeili, viwanda vitatu, yale "matangazo." Alisikiliza akiwa amesimama. Nilipomaliza alisema, "Kwa hiyo ule mchele tunaokula," kisha hakumaliza.

"Nitaandika ukweli Jumamosi hii," nilisema.

"Andika. Halafu uupeleke kwa miguu yako."

Ningependa kusema kwamba tangu saa ile nilikuwa mtu mwingine. Jumatano bahasha nane zilifika. Ya tisa, ya shemeji, haikuja. Nilikaa nazo hadi saa saba. Halafu nikainuka, nikaenda ghorofani, nikavua viatu, nikatuma bei za mialo minane. Hakuna aliyenilazimisha. Nilikuwa nimeshaamua kukiri, nimeshaandika na kukiri kwenyewe kuko mezani, na bado nilituma. Nadhani nilitaka wiki moja zaidi ya kutokuogopa. Mwalimu wa kompyuta aliniuliza, "Moja imekwenda wapi, mzee?" Nikasema imepotelea njiani.

Jumamosi tangazo lilikuwa ukurasa wa nyuma, juu, herufi nene. Lilisema ni mhariri aliyeziuza bei, kwa viwanda, kila Jumatano, kwa siri. Kwamba karani wa mzani hakujua wala hakupata kitu. Kwamba tangazo la wiki iliyopita lilikuwa la kukwepa. Nilipanda basi la asubuhi na fungu la magazeti mapajani. Kigongo kivuko kilikuwa upande wa pili, tukasubiri. Wachuuzi wa karanga walipita, mchungaji akasogeza ng'ombe wake wasinikanyage, na mimi nilikuwa nalisoma lile tangazo tena na tena, nikilitafutia kosa ambalo lingenipa sababu ya kurudi.

Nilipofika mwaloni mlango wa banda ulikuwa na madoa ya uji mkavu tu. Mwenyekiti wa mwalo, mvuvi mrefu mwenye kovu la kamba kiganjani, alikuwa anapima mwenyewe, polepole, akikosea na kufuta. Nilimpa gazeti. Alilishika, akaligeuza, akalitazama kama mtu anavyotazama bati.

"Msomaji wetu hayupo," alisema. "Unajua."

"Najua. Nimekuja na maneno ya kumsafisha. Nataka watu wayasikie."

"Basi soma mwenyewe. Kreti lile pale."

Sikuwa nimewahi kupanda pale. Kutoka juu niliona jinsi walivyo wengi. Nilizoea kuwahesabu kama watu wasionunua. Nilisoma. Sauti yangu ni ya ofisini, haifiki mbali, na upepo wa ziwa ulikuwa unaichukua. Nilisoma haraka, kama mtu anayemeza dawa. Nilipomaliza, bibi aliyekuwa mbele, mkausha samaki, akasema, "Soma tena. Hapo penye nani aliyeuza."

Nikasoma tena. "Ni mimi," niliongeza, kwa kuwa neno "mhariri" halikuwaambia kitu.

"Wewe shemejiye?"

"Mimi."

"Mayo! Mama yangu!" alisema, akashika kichwa. Wanaume walitazama chini. Mwenyekiti alikohoa akasema, "Haya. Na bei?"

Kwa ajili ya mazoea tu, nikaanza kusoma bei, mialo ya mbali kwanza. Sikufika mwalo wa tatu. Wakala mnene aliita kutoka kwenye mtumbwi wake, "Hizo ni za Jumanne, mzee! Ninazo!" Na watu wakacheka, wavuvi wote, wakacheka pamoja naye. Hawakuwa wakimcheka yeye tena. Nilishuka, na mwenyekiti akaniambia pembeni kwamba daftari la mzani bado ni la shemeji.

Nyumba ya shemeji iko juu kidogo ya mwalo, kwenye mawe, mahali ambapo hata kikohozi cha mtu aliye mtumbwini kinasikika. Nilimkuta amekaa kwenye kigoda uani, anapukuchua mahindi kwenye ungo. Mkewe alinisalimia, akaingia ndani. Nilibaki nimesimama. Siku zote yeye ndiye aliyekuwa akianza, na siku zote alianza kwa kunitukana kidogo.

"Nimekuja," nilisema.

"Nimekusikia."

"Nimeandika ukweli. Nimewasomea mara mbili. Mwenyekiti anasema daftari bado ni lako."

Aliendelea kupukuchua. "Mzani huu nitausimamia kwa macho gani? Leo watasema ni shemeji, kesho bei ikishuka watakumbuka walivyocheka. Mimi naenda Misungwi, kwa baba mdogo, nikalime." Alitoa gunzi, akalitupa. "Wiki hii ulituma?"

Ningeweza kusema hapana. Alikuwa hana njia ya kujua.

"Nilituma," nilisema. "Jumatano. Za mialo minane."

Alitikisa kichwa polepole, si kwa kushangaa. Akafuta mikono kwenye suruali, akanyoosha mmoja. "Lete."

Nikampa gazeti. Alisoma tangazo lote kimya, midomo ikisogea, na kwa mara ya kwanza katika urafiki wetu wote nilimwona akisoma bila kutoa sauti. Alipomaliza alilikunja taratibu, mara nne. Nikadhani ataliweka mfukoni. Alinirudishia.

"Umeandika vizuri," alisema. "Lakini unasoma vibaya, Bwana Mhariri. Unakimbia. Watu wale ukikimbia hawasikii. Mtu anatakiwa apumzike baada ya kila jina."

Kisha akauvuta ungo karibu, akachukua hindi jingine. Tangu siku ile, katika misiba na harusi zote za upande ule, na ni miaka mingi sasa, hajaniita shemeji tena.